Je, Wajua? Chombo, Bandari na Nahodha wa Miaka Kumi na Tisa

Kwa miaka mingi ada ya bima ndogo ya gari binafsi Tanzania Bara imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka: 100,000 ya bima yenyewe na 18,000 ya VAT. Je, wajua kwamba mwalimu mstaafu anayekwenda sokoni na IST yake kila Jumamosi, na kijana wa miaka 22 mwenye Altezza iliyoshushwa chini, ekzosi ikiamsha mtaa mzima saa saba usiku, wote hulipa hiyo hiyo? Bima ndogo humlipa yule uliyemgonga, basi. Haiulizi una miaka mingapi wala gari lako linakimbia kiasi gani. Mpeleke kijana huyo Uingereza, Birmingham au Leicester, mpe gari la spoti lililotumika, la bei ya kawaida tu, na anaweza kukuta ada ya bima ya mwaka mmoja imepita bei aliyolinunulia gari lenyewe.

Kwa nini? Tuanzie baharini. Kwetu gari ni chombo cha moto, na chombo kwa mtu wa pwani ni jahazi. Waingereza nao walianzia huko huko. Soko la bima la Lloyd's la London lilizaliwa katika karne ya 17 ndani ya mkahawa wa Edward Lloyd, walipokuwa wakikutana wenye meli, manahodha na wafanyabiashara. Motokaa zilipotokea, watu hawa wa bahari hawakuwa na lugha nyingine ya kuzieleza. Husimuliwa kwamba katika mikataba yao ya mwanzo motokaa iliandikwa kuwa ni meli isafiriyo nchi kavu. Meli ilishasahauliwa, lakini maswali ni yale yale ya bandarini: chombo ni kipi, kinalala wapi, nahodha ni nani?

Chombo kwanza. Kwa miaka mingi Uingereza imeyapanga magari katika makundi 50, la 1 likiwa nafuu na la 50 ghali. Volkswagen Up! yenye injini ndogo iko chini kabisa; Porsche 911 iko juu kabisa. Mtu angedhani kinachopimwa ni kasi. Kasi imo, lakini wanaopima hukaa muda mrefu zaidi gereji: vipuri ni bei gani, fundi atatumia saa ngapi kunyoosha bodi, bampa inakutana vipi na bampa ya gari jingine, na mwizi atahangaika kiasi gani na kufuli. Ndiyo maana Mazda MX-5, gari la spoti kabisa, la viti viwili na paa linalofunguka, huangukia makundi ya katikati. Lina injini ya kiasi na si ghali kulitengeneza. Kijana mwenye akili Uingereza haulizi tu gari linafika mwendo gani. Anauliza pia taa ya mbele ikivunjika itamgharimu pauni ngapi.

Rangi, kwa taarifa yako, haimo. Hadithi kwamba gari jekundu hulipiwa bima zaidi imezunguka Marekani na Ulaya miaka na miaka, na kampuni za bima zinaikanusha miaka na miaka. Rimu mpya na ekzosi kubwa, hizo zimo, na usipozitaja siku ya kukata bima zitajitaja zenyewe siku ya ajali.

Bandari nayo huhesabiwa. Ndugu wawili wenye magari yanayofanana, mmoja akiishi kijijini na mwingine katikati ya jiji lenye wizi mwingi, hawatapewa bei moja.

Lakini utajiri wa mambo uko kwa nahodha. Kijana wa miaka 19 hana historia. Kampuni haimjui yeye, inawajua wenzake, na wenzake kwa ujumla hugonga zaidi kuliko watu wazima, hasa usiku, hasa gari likijaa marafiki. Kwa hiyo analipishwa kwa makosa ya watu asiowajua. Ukiniuliza mimi, ugeni ndio unaouzwa hapa, na mbinu zote za kweli za kushusha bei ni njia za kupunguza ugeni huo.

Zamani wasichana wa Ulaya waliponea hapo. Takwimu ziliwaonyesha kuwa hugharimu kampuni kidogo kuliko wavulana, nao wakatozwa kidogo. Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba jinsia isitumike kupanga bei ya bima, na amri ikaanza kazi tarehe 21 Desemba 2012. Waliofungua shauri ni chama cha kutetea walaji cha Ubelgiji, Test-Achats, na sheria waliyoipinga ilihusu bima ya maisha! Magari yaliingia humo kama abiria wa bure. Wasichana wengi wa Uingereza, nchi iliyokuwa bado ndani ya Umoja, wakaona ada zao zikipanda kwa jina la usawa.

Je, wajua kwamba huko Uingereza bima ndogo inaweza kuwa ghali kuliko bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe? Kwetu mtu akiambiwa hivyo atadhani wakala kakosea kuandika. Lakini fikiria nani huikimbilia: vijana wenye mfuko mtupu, na madereva wenye rekodi mbaya wanaotaka kulipa kidogo iwezekanavyo. Wakajaa upande mmoja, madai yakajaa upande huo huo, na bei ikawafuata. Siku hizi anayechagua bima ndogo hujiweka kwenye kundi la kutiliwa shaka. Jambo kama hilo huwakuta wanaokata bima usiku wa kuamkia siku inapoanza: anayenunua wiki tatu hivi kabla mara nyingi hupewa bei nzuri zaidi, maana mashine imemwona ni mtu wa mipango.

Kisha kuna kijisanduku cheusi. Hufungwa ndani ya gari, au huwa programu ya simu, nacho huandika mwendo, breki za ghafla, namna unavyokata kona na saa unazotembea. Kijana hujiuza kwa hiari: kampuni inamwona kila siku, naye anapunguziwa. Mikataba mingine ya aina hii imewahi kumkataza kijana barabara usiku wa manane, ama kumtoza zaidi akitoka. Kununua gari la spoti halafu ukaketi na mpelelezi chini ya dashibodi ni kichekesho cha aina yake, lakini kwa wengi ndiyo njia pekee ya kulitoa gari nje ya geti.

Njia nyingine ni kukopa jina la mzazi, na hapa pana shimo. Baba ana miaka 55 na rekodi safi. Kijana ananunua gari, baba anaandikwa dereva mkuu, kijana anaandikwa msaidizi wa mara moja moja. Kumbe baba hata ufunguo hajui unawekwa wapi. Uingereza huo ni udanganyifu. Ukigunduliwa, na mara nyingi hugunduliwa siku ya ajali, kampuni inaweza kukataa kulitengeneza gari na kuifuta bima, na kijana akashtakiwa kwa kuendesha bila bima. Kosa hilo peke yake hubeba alama zisizopungua 6 kwenye leseni. Na dereva mpya akifikisha alama 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo, leseni inafutwa, anarudi kuwa mwanafunzi na kufanya mitihani upya. Kinyume chake ni halali na mara nyingi hushusha bei: kijana awe dereva mkuu kweli, na mama aongezwe kama dereva wa pili, mradi mama huyo naye huliendesha gari.

Wafaransa wameweka ugeni huu katika hesabu ambayo hata mtoto wa shule angeifuata. Kila dereva huanza na namba 1. Mwaka ukipita bila ajali ya makosa yako, unazidisha kwa 0.95, ukisababisha ajali, unazidisha kwa 1.25. Kushuka hadi 0.50, yaani kulipa nusu, huchukua miaka 13 ya uvumilivu. Kupanda kuna kikomo, 3.50. Juu ya hapo dereva mpya huweza kuongezewa hadi 100% mwaka wa kwanza, nyongeza inayopungua nusu kila mwaka akitulia. Aliyeanza kujifunza akiwa na miaka 15 kwa kuendesha mzazi wake akiwa kando hukatiwa nusu ya nyongeza hiyo tangu mwanzo. Kukaa na mzazi ndani ya gari kilomita 3,000 si adhabu ndogo, lakini ina malipo.

Na kuna mahali ambapo swali la umri haliruhusiwi kabisa. Sheria ya Hawaii inakataza kampuni za bima za magari kupanga bei kwa umri, kwa jinsia, hata kwa urefu wa uzoefu wa kuendesha. Kijana wa Honolulu anahukumiwa kwa rekodi yake na kwa gari lake. Gharama ya vijana haijatoweka. Imegawanywa kwa kila mtu, mwalimu mstaafu akiwemo.

Yaani Hawaii na Dar es Salaam wamekaribiana kuliko ramani inavyoonyesha. Tofauti inaanza ukienda kwenye bima kubwa. Kwa gari binafsi Tanzania kiwango kinachozoeleka ni 3.5% ya thamani ya gari: Altezza ya milioni 15 ni shilingi 525,000 kabla ya VAT, na IST ya milioni 15 ni hizo hizo. Kenya nako ni asilimia ya thamani. Kijana anatoka ofisini kwa wakala akichekelea kwamba hakuna aliyemuuliza tarehe ya kuzaliwa. Swali hilo limewekwa akiba. Mikataba mingi ya Kenya ina mstari unaosema kwamba dereva mwenye umri mdogo au leseni changa atabeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijatoa chake. Kwa hiyo bei ya ujana huko hailipwi siku ya kukata bima, hulipwa siku ya kugonga nguzo, nao wengi huusoma mstari huo wakiwa wameshasimama gereji. Karibu yake kuna mstari mwingine wenye manufaa: kwa wizi, gari lenye kifaa cha kulifuatilia mara nyingi humpunguzia mwenyewe mzigo huo. Gari la spoti, ikumbukwe, halipendwi na wanaolinunua peke yao; wezi nao wamo.