Je, Wajua? Rapa Tunaowalilia

Je, wajua kwamba msanii Delcat Idengo, aliyeuawa kwa risasi Goma tarehe 13 Februari 2025, jina lake hasa lilikuwa Delphin Katembo Vinywasiki? Mwaka 2021 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo kwa sababu ya nyimbo zake. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na gereza la Munzenze likavunjwa, alitoka pamoja na wafungwa wengine. Hakunyamaza. Taarifa za wakati ule zilisema mauti yalimkuta akipiga video ya wimbo mpya wa kuwakosoa waasi. Yeye hakuwa wa kuchana tu, aliimba pia; lakini kazi yake ndiyo ileile ya rapa wa mtaani, kutamka hadharani kile ambacho majirani wanakinong'ona. Kilio chake bado ni kibichi kwetu Kivu.

Je, wajua kwamba tarehe hiyohiyo, 13 Februari 2019, Dar es Salaam ilimpoteza rapa Godzilla? Golden Mbunda, kijana wa Salasala, alikuwa hatari kwenye mitindo huru. Ukimpa biti, mistari inashuka papo hapo, bila karatasi. Kipaji cha namna hii hakienei kwenye albamu. Kingi kimebaki kwenye rekodi za vipindi vya redio na kwenye simu za waliokuwepo.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 Tanzania ilizika rapa wawili wakubwa ndani ya majuma machache? Albert Mangwair, yule Ngwair wa albamu ya "a.k.a. Mimi", alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei, akiwa na miaka 30. Dar ilimuaga viwanja vya Leaders, akazikwa Morogoro. Tarehe 13 Juni akafuata Langa Kileo.

Na E-Sir wa Nairobi? Ajali ya gari, karibu na Nakuru, 16 Machi 2003. Alikuwa na miaka 21 tu, na albamu yake "Nimefika" ilitoka mwaka huohuo.

Je, wajua kwamba Father Nelly wa X Plastaz aliuawa Arusha mwaka 2006? Miaka miwili kabla, kundi lake lilikuwa limetoa albamu ya "Maasai Hip Hop", ambamo sauti ya Kimaasai ya Yamat Ole Meipuko inapishana na mistari ya Kiswahili.

Je, wajua kwamba Walikale, hapa kwetu Kivu, ilikuwa na wachanaji wake kabla neno rapa halijafika? Mwaka 1956, Shé-Kárisi Candi Rureke, Mnyanga, aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, huku vijana wakimpigia mdundo kwa vijiti. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuandika, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Sikiliza jinsi Mwindo, shujaa wa utenzi huo, anavyojitapa: kila anapomkabili adui anajitaja kuwa ni yule mtoto aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Rapa anayeanza wimbo kwa kutangaza jina lake na mtaa wake hajaiga Marekani peke yake. Ana babu zake hapa hapa, na mimi naona fahari kulisema hilo.

Je, wajua kwamba koltani inayochimbwa Masisi, Kibabi ikiwemo, ndiyo inayotoa tantali, madini yanayowekwa kwenye vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu? Na ni kwa simu hizo nyimbo za maandagraundi wetu, wasanii wasio na jina kubwa, zinasafiri. Kijana analipa kidogo kwenye kibanda cha kuchajia, anajaziwa nyimbo kwenye kadi, jioni anamrushia mwenzake kwa Bluetooth. Hakuna lebo wala meneja. Shida ni kwamba wimbo ukishapita simu tano, jina la msanii limeshapotea, limebaki "Track 07". Mwimbaji akifa, watu wanaujua ubeti wote lakini hawajui wanamlilia nani. Ukiwa na wimbo kama huo na unamjua mwenyewe, fungua faili leo, andika jina lake, kijiji chake na mwaka, ndipo uurushe.