Majira ya shamba kisiwani Idjwi

Watoto wetu waliozaliwa hapa kambini wanajua vizuri siku ya mgao, lakini ukiwauliza mwezi wa kupanda maharagwe wanakutazama tu. Basi sisi tuliolima Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Kongo, tunawaandikia.

Mvua inaanza mwezi wa 9. Hapo nyumba nzima iko shambani, maana mashamba ni madogo, tena ya mteremko, na ukichelewa utakula muhogo mtupu. Maharagwe tunavuna kuelekea Januari, Februari tunapanda tena. Katikati ya migomba hapaachwi nafasi. Na mananasi yake, jamani!

Kuanzia Machi kahawa inaiva. Hiyo ndiyo pesa ya shule, na hapo ndipo palikuwa na hatari. Kwa miaka mingi bei ilikuwa nzuri zaidi Rwanda, kwa hiyo wanaume walivusha magunia usiku kwa mtumbwi, kwa kujificha. Ziwa likichafuka, wengi hawakurudi, wakaacha wajane. Baadaye wakulima waliunda ushirika, kahawa ikauzwa palepale kisiwani.

Juni hadi Agosti ni kiangazi. Shamba linapumzika, ziwa halipumziki: usiku wa giza taa za wavuvi wa sambaza zinajaa majini. Samaki hao waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama ukipata dagaa wa Kigoma sokoni, mwonyeshe mtoto: sambaza ni jamaa yao.