Beni: ndege za vita ziko juu, muuaji yuko chini ya miti

Tangu tarehe 20 Desemba 2022, nchi zinazouzia Kongo silaha hazilazimishwi tena kulijulisha kwanza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2023, FARDC ilipata droni za CH-4 kutoka China. Lakini Februari 2025, waasi wa M23 waliteka uwanja wa ndege wa Kavumu, baada ya ule wa Goma. Ndege bila uwanja haina kazi.

Kwa wakaaji wa Beni na Butembo, swali ni lingine. ADF wanatembea msituni kwa vikundi vidogo, pamoja na mateka. Rubani anaona majani tu. Akiona watu, mateka wamo katikati yao. Operesheni Shujaa ilianza tarehe 30 Novemba 2021 kwa mabomu ya ndege na mizinga, ila Juni 2024 makumi ya raia waliuawa Beni na Lubero.

Kinachokosekana mara nyingi ni kidogo zaidi: pikipiki, mafuta, redio, barabara inayopitika, na boti za injini huko Kyavinyonge kwenye ziwa Edouard. Mkulima akipiga simu usiku, anayehitajika ni askari anayeweza kufika kabla ya asubuhi.