Nani Alikuchagulia Mlio?

Wapwa wangu, simu mpya imetolewa kwenye boksi. Imewashwa. Hujaiambia neno, lakini tayari ina mlio wake, ina ukubwa wa maandishi, ina mwanga wa kioo. Imejuaje?

"Labda imebahatisha, Mjomba."

Haikubahatisha. Lakini umefanya vyema kulifikiria, maana kuna watu wazima wanaoshika simu kutwa kucha na hawajawahi kujiuliza. Aliyeiandika programu alifika mahali pa kuamua: simu ikipigiwa, ilie vipi? Wewe hukuwapo akuulize. Hata jina lako hakulijua. Na programu haiwezi kukaa ikikusubiri. Basi akaweka jibu kwa niaba yako. Jibu hilo linalotoka kiwandani huitwa chaguomsingi.

Watu wengi hawaligusi kabisa. Waulizeni wazazi wenu habari za simu za Nokia. Zilikuwa na mlio mmoja uliotoka kwenye muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega, alioutunga mwaka 1902. Kampuni ikauweka kwenye simu zake kuanzia mwaka 1994. Simu moja ikilia ndani ya daladala, nusu ya abiria wanapapasa mifuko! Si kwamba wote waliupenda. Hawakuubadilisha tu.

"Sasa simu inamtii nani, kiwanda au mimi?"

Twende jikoni kwanza. Mpishi wa chai mwenye haraka hutia sukari sufuriani. Ikishaingia, imeingia. Shangazi hapendi sukari; atakunywa nini? Mpishi mwenye akili huacha sufuria bila sukari, akaitia kikombe kwa kikombe. Mgeni asiyesema kitu anapata vijiko viwili, ndiyo desturi ya nyumba. Shangazi hapati hata kimoja, maana aliagiza tangu zamani. Lakini leo katoka juani, kachoka, anasema, "Leo nitilie kimoja." Anatiliwa kimoja. Agizo la leo limeshinda agizo la zamani, na agizo la zamani lilishashinda desturi ya nyumba.

Programu nzuri inafanya hivyo hivyo. Ipo moja iitwayo Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Waandika programu huitumia kutunza kila badiliko la kazi yao. Git ina mipangilio ya kompyuta nzima, ina mipangilio ya mtumiaji, ina mipangilio ya mradi mmoja mmoja. Ikitaka kujua jambo, inausikiliza mradi kwanza. Mradi ukinyamaza, inamsikiliza mtumiaji. Mtumiaji akinyamaza, inaisikiliza kompyuta. Wote wakinyamaza, ndipo inaposhika chaguomsingi.

Na maagizo hayo yanakaa wapi? Yanakaa kwenye faili la mipangilio. Tulisikilize lenyewe, maana ni nadra kupewa nafasi ya kusema.

"Mimi ni faili dogo. Ukinifungua utakuta mistari mitatu. Lugha: Kiswahili. Saa: Africa/Nairobi. Sauti: 0. Basi. Habari za mlio sijaandika, kwa sababu mwenye simu hakuugusa. Mimi naandika alichobadilisha tu."

"Mbona huandiki vyote?"

"Nikiandika vyote, nitajuaje kipi alikichagua mwenyewe na kipi kilikuja na simu? Kesho watengenezaji wataleta mlio mzuri zaidi, nami nitabaki kumng'ang'anizia ule wa zamani ambao hakuwahi kuuchagua. Na akitaka kurudi mwanzo, kazi yangu ni nyepesi. Nafuta mstari wangu. Chaguomsingi liko pale pale."

Faili dogo, akili nyingi. Lakini mmeiona ile sauti, 0? Hapo ndipo programu nyingi zinapojikwaa, hata zilizoandikwa na mabingwa. Kunyamaza si sawa na kusema sifuri. Shangazi akisema "vijiko sifuri", amesema. Mgeni aliyenyamaza hajasema. Mpishi akiwachanganya hawa wawili, Shangazi ataletewa vijiko viwili, na mtamsikia! Programu ikiwachanganya, unaishusha sauti mpaka sifuri usiku, unaizima simu, unaiwasha asubuhi, nayo inapiga kelele kwa sauti ya kiwandani. Unasema simu ni kaidi. Masikini ya simu, imedhani hukusema kitu.

"Na kama pako patupu, halafu ikadhani pana sifuri?"

Ah, mpwa wangu, wewe utakuja kuandika programu! Hilo nalo hutokea. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, zikianzia tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Sasa chukua picha iliyopoteza tarehe yake. Mahali pa tarehe pako wazi. Programu inajaza 0. Mara picha ya Idi ya mwaka jana inasema ilipigwa mwaka 1970, pengine hata baba yako hajazaliwa. Na kwetu itasema saa tisa usiku, kwa sababu saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Mkiikuta tarehe hiyo msishangae. Kuna mahali palikuwa patupu, na programu ikaona aibu kusema haijui.

Mlio mmoja kwa watu wote ni kichekesho. Nywila moja kwa watu wote si kichekesho hata kidogo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikitafuta kamera za ulinzi na ruta. Ilibeba orodha ya majina na nywila za kiwandani, sitini na kitu hivi. Inajaribu "admin" na "admin". Ikikataliwa, inajaribu nyingine. Vifaa vingi vikaikubali. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa vilivyotekwa viliielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye tovuti za wengine, kwa maombi mengi kiasi kwamba Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi.

"Kosa la wenye kamera, Mjomba?"

Wengi husema hivyo. Mimi nakilaumu kiwanda zaidi. Kilijua kwamba watu hawagusi walichokikuta. Tena baadhi ya vifaa nywila yake haikuwa na pa kubadilishia. Sukari ilikuwa imeshatiwa sufuriani. Uingereza imetunga sheria, na tangu tarehe 29 Aprili 2024 vifaa vya nyumbani vya kuunganishwa na intaneti haviruhusiwi kuuzwa kule vikiwa vyote na nywila moja rahisi. Kila kifaa kiwe na yake, au mwenye kifaa aiweke mwenyewe.

"Na ruta ya kwetu je?"

Igeuze uone. Kama kwenye kibandiko kuna nywila ndefu ya herufi na tarakimu zilizochanganywa, huenda hiyo ni yake peke yake. Kama ni "admin", mwite mama sasa hivi, mkafungue mipangilio pamoja.