Pumzi na Meno: Siku ya Upasuaji wa Taya kwa Mtu wa Ziwa Mweru

Mtu wa Kashikishi akivunjika taya, iwe kwa pikipiki, kwa gari au kwa ngumi ya ugomvini, mlango wa kwanza ni Hospitali ya Misheni ya St. Paul's, pale pale wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, Zambia. Kazi ikiwa kubwa hupewa barua ya rufaa. Atapanda basi kwenda Mansa, zaidi ya kilomita 200 kusini, na pengine aendelee hadi mkoa wa Copperbelt kwa njia inayokatiza kipande cha ardhi ya Kongo baada ya daraja la Chembe, lililofunguliwa 2008, au mpaka Hospitali ya Chuo Kikuu, Lusaka, karibu kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Mkimbizi wa Kongo anayeishi Mantapala, makazi yaliyoanza kupokea watu 2018 wilayani humo humo, naye hupita njia hiyo. Wengi basi huikuta siku ya upasuaji wakiwa wamechoka na safari, katika wodi wasiyoijua, na wahudumu pengine hawasemi lugha yao. Mtu wa namna hiyo anastahili kuambiwa mapema yatakayompata, na sababu zake. Karibu yote yatakayomshangaza yanatokana na maswali mawili ambayo madaktari hujiuliza kutwa nzima: pumzi itapita wapi, na meno yatakutanaje.

Ila kuna swali linalotangulia hayo. Je, taya hilo ni la kupasuliwa? Likiwa limevimba badala ya kuvunjika, jibu si ndiyo kila mara.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwone mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, na huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt aliandika habari za ugonjwa huo 1958. Kisha, mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu la Ford na kusafiri karibu kilomita 16,000 kusini na mashariki mwa Afrika, hospitali hadi hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Majibu waliyachora kwenye ramani. Kwenye joto na mvua ugonjwa ulikuwapo, kwenye nyanda za baridi haukuwapo. Ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria. Leo tunajua kwamba malaria inayomrudia mtoto tena na tena inashirikiana na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa 1964, kuizaa saratani hiyo. Nchelenge ni bonde la malaria mwaka mzima, ndiyo maana habari hii inawahusu wazazi wa huko.

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini kisu hakikumsaidia. Alichogundua ni kwamba uvimbe huo hunywea upesi kwa dawa za saratani. Kwa hiyo mtoto ambaye magego yake yamelegea ghafla na shavu linajaa wiki hadi wiki asing'olewe meno mfululizo kana kwamba ni jino bovu tu. Achukuliwe kinyama kidogo kikapimwe, tena haraka. Kwa mtu mzima mambo ni mengine. Uvimbe unaoitwa ameloblastoma hukua polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu, ukilitanua taya la chini mpaka uso unapinda. Huo haunywei. Lazima ukatwe pamoja na kipande cha mfupa, na bamba la chuma lishike pengo. Pengine baadaye hutolewa mfupa nyongani kuliziba.

Tuseme sasa imeamuliwa kwamba taya litapasuliwa.

Kabla ya siku yenyewe damu hupimwa: wingi wake, kundi lake, na vimelea vya malaria. Uso una damu nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mtu anayetoka kando ya Mweru huenda amepungukiwa damu bila kujijua. Homa ikimpanda asubuhi ya upasuaji, kazi huahirishwa. Hilo linauma kwa aliyetumia nauli yote, lakini ni uamuzi sahihi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ndio wenye mtego. Ndugu anayemwuguza humwonea huruma na kumletea ugali wa muhogo na chisense, dagaa wa ziwani kwao. Chakula kikome angalau saa 6 kabla ya usingizi wa dawa, na maji matupu saa 2. Mwili ukilala usingizi huo, kikohozi kinachoyalinda mapafu hulala nacho. Kilichomo tumboni kikipanda kooni kinaweza kuteremkia mapafuni, na hilo huua.

Asubuhi mgonjwa husaini fomu ya ridhaa, huvua meno ya bandia na vipuli, na hufutwa rangi ya kucha. Rangi hutolewa kwa sababu kidoleni patabanwa kipimo kidogo chenye mwanga kinachosoma oksijeni iliyomo kwenye damu, na daktari wa usingizi hataki kitu chochote kimchanganye.

Daktari huyo ndiye mwenye mtihani mgumu kuliko wote. Katika upasuaji wa tumbo hupitisha mrija wa hewa mdomoni, na mpasuaji yuko mbali. Hapa mdomo ndio uwanja wa kazi, tena katikati ya kazi meno lazima yafungwe kabisa. Basi mrija hupitishwa puani, na ndiyo sababu mtu huamka pua inamuuma na sauti imekwaruza. Pua nayo isipofaa, hutobolewa tundu dogo shingoni. Anayetarajiwa kufanyiwa hivyo aambiwe mapema, maana ataamka hana sauti kwa muda.

Nyuma ya ulimi hupachikwa shashi ndefu kuzuia damu na vipande vya jino visiteremke. Kitambaa hicho, ambacho mgonjwa hatakiona kamwe, huandikwa ubaoni kinapoingia na huandikwa tena kinapotoka. Kikisahaulika kinaweza kumziba pumzi mara tu mrija unapoondolewa.

Kisha zamu ya meno. Mtu angefikiri mpasuaji huunganisha mfupa kwanza na kuyaacha meno yajipange. Ni kinyume chake. Meno ya juu na ya chini yamesuguana miaka mingi hadi kila jino linamjua mwenzake, kama chungu na kifuniko chake. Kwa hiyo vipande vya chuma vyembamba hufungwa kwenye meno kwa waya, juu na chini, kisha mataya hukazwa pamoja katika mkao wao wa zamani. Mfupa uliovunjika ukishafuata meno, ndipo bamba na skrubu huwekwa, mara nyingi kwa kupasua ndani ya mdomo, na uso haubaki na kovu. Pasipo na bamba, waya zenyewe ndizo tiba, na mdomo hubaki umefungwa wiki 4 hadi 6.

Akiamka, kichwa chake kitakuwa kimeinuliwa kwa mito. Mate yatakuwa mekundu, midomo minene, na pengine mdomo wa chini na kidevu vina ganzi, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa sehemu hizo hupita ndani ya mfupa wa taya. Ganzi hiyo mara nyingi hupungua kwa wiki au miezi, kwa wengine hubaki. Uvimbe utazidi siku ya 2 na ya 3, kwa hiyo ndugu wasidhani kazi imeharibika. Apewe kalamu na karatasi, au simu ya kuandikia.

Aliyefungwa waya asikae bila kikata waya karibu, wodini na nyumbani. Nesi amwonyeshe ndugu ni waya zipi za kukata endapo pumzi itakwama. Kichefuchefu kikija, ainame mbele na kuyaacha matapishi yatoke katikati ya meno na mashavuni. Kwa sababu hiyo hiyo mvuvi asirudi kwenye mtumbwi akiwa amefungwa mdomo, kwani mawimbi ya Mweru humtapisha hata mzoefu. Chakula chake ni uji mwepesi wa karanga, maziwa, na mchuzi wa samaki uliochujwa vizuri usibaki na mwiba, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, la sivyo atakonda sana.

Damu isiyokatika, uvimbe unaoinua ulimi, au shida ya kupumua ni vya kurudi hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Na kabla ya kuruhusiwa, aulize kama waya zake zinaweza kufunguliwa St. Paul's au Mansa. Kazi hiyo kwa kawaida haihitaji usingizi, ganzi ya sindano hutosha, na jibu la ndiyo linamwokolea safari nyingine ya Lusaka.