Uzito wa Mwanafunzi Haupimwi kwa Jicho

Mtoto mnene husifiwa kuwa amenawiri, na mama yake hupongezwa. Sifa hiyo huchelewesha kutambuliwa kwa uzito uliozidi miongoni mwa wanafunzi.

Kitaalamu, uzito katika kilo hugawanywa kwa mraba wa urefu katika mita. Mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 45 na urefu wa sentimita 140 hupata uwiano wa 23 hivi. Kwa mtu mzima uwiano huo ni wa kawaida, kwani uzito uliozidi huanzia 25. Mwili wa mtoto, hata hivyo, hubadilika kila mwaka; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 majedwali yanayozingatia umri na jinsi, kwa watoto wa miaka 5 hadi 19. Kwa majedwali hayo, mvulana wa miaka 10 ana uzito uliozidi apitapo 18.5, na kiribatumbo apitapo 21.4. Huyu wetu, basi, tayari ana kiribatumbo, ingawa nyumbani huenda anaitwa bonge kwa mapenzi tu.

Shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na mafuta kwenye ini huweza kuanza angali shuleni. Soda moja ya mililita 350 huweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai.

Mtoto huyo hapaswi kunyimwa chakula. Kwa kuwa bado anarefuka, mara nyingi hutosha kilo zake zisiongezeke huku kimo kikipanda. Uwiano hushuka wenyewe.