Ukoko Mweupe Ndani ya Birika: Maji Magumu na Vyombo vya Nyumbani Kuresoi

Kwa mkazi wa Kuresoi, maji moto si anasa. Keringet, Olenguruone na Kiptororo ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni wachache wanaothubutu kuoga maji ya mfereji jinsi yalivyo. Ndiyo maana maji yenye madini mengi yanapoingia nyumbani, hasara huanza pale yanapochemshwa: kwenye birika la umeme, shawa ya umeme, tangi la sola na lile jiko la kuni lenye tangi ambalo mafundi huliita kuni busta.

Maji magumu ni maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba yaliyopitia. Maji ya mvua karibu hayana madini hayo. Mito inayotoka Msitu wa Mau na chemchemi za huko juu pia kwa kawaida huwa na maji laini. Kisima kirefu ni habari nyingine, kwa sababu maji yake yamekaa chini kwa miaka mingi na hubadilika kutoka shamba moja hadi jingine. Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu kwa lita: chini ya 60 ni maji laini, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Yakiwa baridi, maji magumu hayana fujo. Yakipata moto, hasa kupita nyuzi 60, kalsiamu hujitenga na kuganda kama ukoko mweupe juu ya kile kinachochemsha. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida. Koili ya birika au ya shawa hulazimika kuwaka kwa muda mrefu zaidi ili maji yafikie joto lile lile, tokeni za umeme zinaisha haraka, na mwishowe koili yenyewe inaungua. Wengi hulaumu duka lililowauzia.

Mabomba nayo huziba, ila si yote kwa kasi moja. Bomba la maji moto huanza kuwa jembamba kitambo kabla ya lile la baridi. Kwa hiyo mfereji wa moto ukitoa maji kidogo huku wa baridi ukitoa vizuri, fundi aanze kuangalia upande wa moto kabla ya kubomoa ukuta.

Kuni busta inahitaji uangalifu kuliko vifaa vingine vyote. Moto wa kuni hauna swichi ya kujizima, na maji yakizidi kuchemka mvuke hutokea kwenye bomba la kupumulia lililo juu ya tangi. Ukoko ukiziba bomba hilo, au ukigandisha vali ya usalama, mvuke hauna pa kwenda na chombo kinaweza kupasuka. Busta inayonguruma au kugonga-gonga inapopata moto inatoa onyo. Zima moto, usiifungue ikiwa bado moto, na umwite fundi akague bomba la kupumulia kabla ya kuwasha tena. Kamwe bomba hilo lisifungwe kwa kizibo eti linamwaga maji.

Kusafisha birika hakuhitaji dawa ya bei. Jaza siki na maji nusu kwa nusu, au maji yenye maji ya ndimu kadhaa, chemsha, acha saa moja, kisha suuza mara mbili. Kichwa cha shawa hufunguliwa umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, na kulowekwa usiku kucha. Lakini siki au ndimu isichanganywe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu nyingi zina dirisha dogo. Asidi ya betri nayo si ya kusafishia chochote ndani ya nyumba.

Ili kujua kama maji ni magumu, tia maji nusu chupa, ongeza vipande vidogo vya sabuni ya kipande, tikisa. Maji laini hutoa povu jingi. Magumu hutoa povu haba na utando unaoelea, ule ule unaofanya nguo zikakamae na sabuni iishe mapema.

Je, ukoko huu unadhuru mwili? Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Chai ya birika lenye ukoko haimdhuru mnywaji. Tatizo ni jina. Wengi wetu katika Bonde la Ufa huita kila maji ya kisima yenye ladha “maji ya chumvi”, na jina hilo huficha kitu tofauti kabisa: floraidi.

Floraidi hutoka kwenye miamba ya volkano. Haina rangi wala harufu, na haiachi ukoko. Kalsiamu ikiwa nyingi majini huishika floraidi na kuipunguza. Ikiwa kidogo, floraidi hubaki. Hivyo maji ya kisima yanayotoa povu zuri na kuacha birika likiwa safi ndiyo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yanayozidi hapo wakati meno yake ya kudumu yanajijenga, tangu utotoni hadi takriban miaka 8, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Viwango vikiwa juu sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Chujio la mkaa wa mifupa huiondoa, na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya machujio hayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kuresoi ina njia nyingine iliyo juu ya vichwa vyetu. Paa la mabati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,000. Hata robo ikipotea, inabaki ya kutosha birika, kupikia na kufulia kwa siku kadhaa. Mvua ya kwanza imwagwe ili ioshe paa, na ya kunywa itibiwe au ichemshwe. Maji ya kisima yabaki ya kuosha sakafu na zizi.

Mwenye kisima, au anayepanga kuchimba baada ya kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, apeleke maji yapimwe kabla ya kununua busta au chujio. Acha maji yatiririke dakika chache, suuza chupa safi ya plastiki ya lita moja mara tatu kwa maji hayo hayo, ijaze hadi mdomoni, andika tarehe na mahali, uifikishe maabara siku hiyo hiyo. Omba vipimo vya ugumu, floraidi na chuma. Kipimo cha vijidudu kinahitaji chupa maalum kutoka maabara. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo anaweza kumwelekeza mkazi pa kupeleka sampuli na kumsaidia kusoma majibu.